Leseni ya jimbo au ya mji: mafundi niliowalipa Pennsylvania na Texas

Agosti 2024 nilimlipa fundi umeme dola 1,150 anifungie njia ya kuunganisha jenereta na nyumba yangu, nje kidogo ya Houston, Texas. Nampa nyota tano kati ya tano bila kusita. Ila nikiishia hapo sitakuwa nimemsaidia mtu, kwa sababu ninachotaka kukipima si mkono wa fundi mmoja tu. Nataka kuipima ile karatasi aliyo nayo mfukoni: nani kaitoa, nani anaweza kuichukua, na mwenye nyumba kama mimi ataijuaje kabla hajatoa pesa yake. Nimeishi katika majimbo mawili yenye majibu tofauti kabisa kwa maswali hayo, na tofauti hiyo nimeilipia.

Kwa ambaye ndiyo kwanza ananunua nyumba huku: Marekani haina leseni ya taifa ya fundi umeme wala fundi bomba. Serikali kuu ya Washington haihusiki. Kila jimbo limejiamulia. Texas inamtahini fundi umeme mara moja na leseni yake inafaa jimbo zima. Pennsylvania haina leseni ya jimbo ya fundi umeme, na fundi bomba vilevile, kwa hiyo miji na halmashauri zinajipangia. Ohio imegawa katikati: mkandarasi wa umeme au wa mabomba kwenye majengo ya biashara lazima awe na leseni ya jimbo, lakini anayeingia nyumbani kwako ni shauri la mji wenu. Nilipoelezwa habari ya Ohio niliomba nirudiwe mara mbili. Duka la viatu linalindwa na jimbo zima, chumba wanamolala watoto kinategemea uko upande gani wa barabara.

Nianze na Pennsylvania.

Nyumba yetu ya kwanza tuliinunua 2014, katika mji mdogo pembeni mwa Philadelphia wenye halmashauri yake na mkaguzi wake. Jimbo lile lina halmashauri za namna hiyo zaidi ya 2,500, na unaweza kuendesha gari robo saa ukapita nne. Nyumba ilikuwa ya zamani, ya matofali, imeshikana ukuta na ya jirani. Sanduku la breka, yaani zile swichi zinazokata umeme ukizidi, lilikuwa la ampea 100 na limejaa. Mwaka 2016 tukataka kubadilisha sanduku, kuongeza soketi za jikoni, na kuvuta waya wa mashine ya kukaushia nguo. Fundi tuliletewa na mtu tunayesali naye, mtu mwema ambaye hadi leo sina kinyongo naye. Nikamuuliza fundi, "Una leseni?" Akasema anayo ya jimbo, akanionyesha kadi yake ya biashara yenye namba inayoanza na herufi PA. Nikaridhika. Tukamlipa dola 2,300.

Namba ile si leseni ya fundi umeme. Tangu Julai 2009 Pennsylvania ina sheria ya kuwalinda wenye nyumba, inayomtaka kila anayefanya kazi za kukarabati nyumba za watu, kama mapato yake yanafika dola 5,000 kwa mwaka, ajisajili katika ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo. Anajaza fomu, analipa ada, anaonyesha bima. Sheria yenyewe ni nzuri, inataka mkataba wa maandishi na inakupa siku tatu za kubadili mawazo, na laiti ningeijua mapema. Lakini hakuna anayemuuliza fundi huyo waya gani unabeba ampea ngapi. Fundi rangi, fundi vigae na aliyegusa umeme wangu wote wana namba ya aina ile ile. Fundi yule alisema "leseni", mimi nikasikia "mtihani", na pale ndipo kosa lilipoanzia.

Miezi saba baadaye, siku ya baridi, mama yangu alikuwa jikoni anachemsha chai huku birika la umeme na oveni ndogo vikiwaka pamoja. Akaniita. "Mwanangu, kuna kitu kinanuka kama ndala za mpira zikiungua." Mimi nilikuwa nimetoka zamu ya usiku hospitalini, nikadhani ni oveni. Mama akashika ukuta juu ya soketi, akaniambia niweke mkono. Ulikuwa na joto kama paji la uso la mtoto mwenye homa.

Tulizima breka zote, na kesho yake akaja fundi mwingine, mzee aliyekuwa na leseni ya Philadelphia. Alifungua kifuniko cha sanduku, akakaa kimya, akaniita nisogee na tochi. Sasa hapa naomba anayesoma aangalie kwa makini, kwa sababu unaweza kujikagulia mwenyewe. Nyaya mpya za nyumbani huku zina ganda la nje lenye rangi kulingana na unene: namba 14 kwa kawaida ni nyeupe, namba 12 ni njano, namba 10 ni ya machungwa. Namba 14 inatakiwa ikae kwenye breka ya ampea 15, namba 12 kwenye ya 20. Soketi za juu ya meza ya jiko zinatakiwa ziwe kwenye njia za ampea 20. Fundi wetu wa kwanza alilijua hilo la mwisho, kwa hiyo aliweka breka ya 20, kisha akavuta waya mweupe, ule mwembamba, kwa sababu ndio uliokuwa umebaki kwenye gari au kwa sababu ni wa bei rahisi. Maana yake waya unapata moto kabla breka haijaona sababu ya kukata. Mzee alivuta kipande kutoka nyuma ya soketi: ganda limegeuka kahawia na kukakamaa, ukilikunja linavunjika kama ganda la muhogo wa kuchoma. Mama alikiomba kile kipande. Bado anacho kwenye bahasha.

Nikauliza swali ambalo kila mtu angeuliza: namshtaki wapi? Mji wetu mdogo ulisema hana rekodi yoyote kwao na hakuna kibali kilichoombwa, kwa hiyo wangeweza kumtoza faini akionekana tena akifanya kazi ndani ya mipaka yao. Mipaka yao ilikuwa inaishia kwenye kituo cha mafuta ninachokiona kutoka barazani. Ofisi ya Mwanasheria Mkuu ilipokea malalamiko yangu, ikamwandikia, na hatimaye akanirudishia dola 400. Nashukuru kwa hizo. Lakini hakuna ofisi iliyoweza kumnyang'anya ruhusa ya kushika umeme, kwa sababu hakuna iliyowahi kumpa. Mwezi huo huo gari lake nililiona limeegeshwa mbele ya nyumba ya watu, halmashauri ya pili kutoka kwetu. Nilisimama nikagonga mlango nikawaambia. Sijui kama walinisikiliza.

Yule mzee, fundi wa pili, alinionyesha pochi yake siku ile. Alikuwa na kadi saba: ya Philadelphia, na nyingine sita za halmashauri za jirani, kila moja na ada yake na tarehe yake ya kuisha. Nyingine zilimkubalia kwa kuonyesha kadi ya Philadelphia, nyingine zilitaka bima iandikwe upya kwa jina la mji wao. Akaniambia kuna kazi za saa mbili anazozikataa kwa sababu zipo katika mji asio na kadi yake. Kwa hiyo fundi aliyesoma anabanwa na mipaka, na asiyesoma anaivuka bila kugeuka nyuma. Hilo ndilo linaloniuma zaidi katika mpango ule.

Ila nisiwe mchoyo. Mzee aliomba kibali, na kazi ilipokwisha akaja mkaguzi wa mji. Alitumia dakika arobaini. Alifungua sanduku, akapima, kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyelitaja: "Taa ya ngazini mnaiwashia wapi?" Akasema nyumba za safu ile zilijengwa pamoja na nyingi bado zina nyaya za zamani sana nyuma ya ukuta wa ngazi, zile zinazopita juu ya vikombe vya kauri bila ganda la plastiki. Akatoa kifuniko cha swichi, na kweli zilikuwepo. Mkaguzi anayetumwa kutoka makao makuu ya jimbo asingeijua ngazi yangu. Huyu aliijua kwa sababu alishaingia nyumba kumi za mtaa ule. Fundi wa kwanza alituambia kibali kingetuchelewesha wiki mbili. Kilichukua siku nne, na dakika zile arobaini zingekamata ule waya mweupe kabla haujawahi kupata moto.

Tulihamia Texas mwishoni mwa 2020, tukapokewa na baridi ile ya Februari 2021 iliyowaacha mamilioni ya watu wa jimbo bila umeme. Hiyo ni hadithi yake peke yake.

Mwaka 2022 hita ya maji ikaanza kuvuja. Nyumba nyingi za upande huu zina hita darini, jambo ambalo sikulizoea: galoni 50 za maji ya moto zimekaa juu ya chumba cha watoto, chini yake kuna sinia la bati lenye bomba la kutoa maji nje endapo hita itavuja. Nikaita fundi bomba. Alipofika sikumfungulia kwanza. Magari ya mafundi huku yameandikwa namba ya leseni ubavuni: fundi bomba mwenye dhamana ya kampuni ana namba inayoanza na M, mkandarasi wa umeme ana TECL, wa viyoyozi ana TACL. Nikaichukua ile ya M kutoka dirishani, nikaiingiza kwenye tovuti ya bodi ya jimbo ya mafundi bomba, nikaliona jina lake, na kwamba leseni iko hai. Nilimaliza kabla hajamaliza kushusha ngazi. Kwa mtu aliyetoka Pennsylvania hiyo ilikuwa raha ambayo siwezi kuieleza. Pia iliniondolea aibu ya kumhoji mtu mlangoni kwa Kiingereza changu cha asubuhi.

Kazi ilikuwa dola 2,050, mpya imewekwa, ya zamani imeshushwa bila kuchuna ukuta. Alikuwa mpole, alivaa mifuko ya plastiki juu ya viatu. Miezi minane baadaye mume wangu alipanda darini kutafuta sanduku la nguo, akagundua bomba la sinia halijaunganishwa. Lilikuwa limelala pembeni, sentimita chache kutoka kwenye tundu lake. Hita mpya ingevuja, maji yote yangemwagikia watoto. Nikampigia fundi, akaja siku hiyo hiyo, akaunganisha bila malipo na akaomba radhi kwa moyo. Nampa nyota nne. Ile moja iliyobaki haimhusu yeye peke yake.

Tunakaa nje ya mipaka ya mji. Nilipopiga simu kuuliza nani anakagua hita ya maji iliyobadilishwa, niliambiwa kwa mahali tulipo hakuna mkaguzi wa mji, kwa sababu hakuna mji. Leseni ya jimbo ilinihakikishia kwamba mtu yule anajua sinia linatakiwa liungwe wapi. Haikuniletea mtu wa pili wa kupanda ngazi na tochi kuona kama ameliunga. Binadamu anajua na bado anasahau, hasa darini mwezi wa Julai, Texas, ambako hata kupumua ni kazi.

Wala tusidhani kwamba kitu cha jimbo ni mwamba. Mwaka 2019 bunge la Texas lilimaliza kikao bila kukubaliana juu ya sheria ya kuendeleza bodi ile ya mafundi bomba, na ilikuwa inaelekea kufutwa kabisa, pamoja na leseni zenyewe. Gavana Greg Abbott ndiye aliyeinusuru Juni ile kwa amri, akisema jimbo bado linajenga upya baada ya kimbunga Harvey na linahitaji mafundi bomba wenye sifa. Bunge likairudisha rasmi 2021. Mkono mmoja ukiwa ndio unaotoa leseni zote, mkono huo ukilegea unalegeza jimbo zima kwa siku moja. Leseni zikitolewa na kila mji peke yake, hilo haliwezekani.

Na kuna kazi ambazo leseni ya Texas haizigusi. Mjenzi wa jumla hana leseni ya jimbo. Fundi wa paa pia hana. Niliyagundua haya wiki ya kimbunga Beryl.

Beryl ilifika pwani ya Texas tarehe 8 Julai 2024, na eneo la Houston likabaki na wateja zaidi ya milioni 2 gizani. Sisi tulikaa siku sita. Mama ana kisukari, insulini yake inahitaji friji, na tulikuwa tunazunguka kutafuta barafu huku joto likiwa nyuzi 35. Siku ya tatu wakaanza kupita wanaume na magari, mmoja anauza paa, mwingine anasema atanifungia jenereta kwa dola 300, pesa taslimu, leo leo. Wa paa nikamwomba namba ya leseni, akanipa karatasi ya bima. Nikamfukuza. Baadaye nikajua kwamba kwa hilo hakuwa ananidanganya, hapa hakuna leseni hiyo ya kuonyesha. Illinois inawapa wapaua leseni ya jimbo lakini haina ya jimbo kwa fundi umeme, Texas ni kinyume chake. Mtu anayehama lazima ajifunze upya kila mara anachoweza kuuliza mlangoni.

Yule wa dola 300 namkumbuka zaidi. Alikuwa na waya wenye plagi ya dume pande zote mbili, upande mmoja uchomekwe kwenye jenereta, mwingine kwenye soketi ya mashine ya kukaushia nguo. Tafadhali, ndugu zangu, msikubali kitu hicho. Mkisahau kuzima breka kuu, umeme wa jenereta unatoka nyumbani kwenu unarudi kwenye nguzo, na transfoma inaupandisha hadi maelfu ya volti mahali ambapo kijana wa kampuni ya umeme ameshika waya akiamini umekufa. Nilimwomba namba yake ya TECL. Akasema amesahau kadi hotelini. Nikafunga mlango, na mama akaniambia kwa ndani, "Umefanya vizuri."

Umeme uliporudi nilimpigia kaka mmoja tunayetoka naye Tanga, sasa ni fundi umeme Dallas, nimuulize nitafute nini. Yeye ndiye aliyenifafanulia leseni hii ilivyo kwa upande wa anayeibeba. Alianza kama mwanagenzi aliyesajiliwa, katika mji wa Corpus Christi hapa hapa Texas, chini ya fundi mkuu mmoja, akamalizia Dallas chini ya mwingine. Texas inataka saa 8,000 za kazi kabla ya kuwa fundi kamili, na inakuruhusu kufanya mtihani ukifika 7,000. Kuwa fundi mkuu ni saa 12,000 na uwe umeshika leseni ya fundi kamili angalau miaka miwili. "Dada, saa zangu zilihama na mimi," akaniambia. "Ningekuwa kwenye jimbo la kadi za miji, kila ninapohama ningeanza kubembeleza upya." Kwa mhamiaji anayefuata kazi ilipo, hilo ni jambo kubwa kuliko hata usalama wa nyumba yangu. Pia alikiri kwamba saa 8,000 ni miaka minne ya mshahara wa msaidizi, na kwamba vijana wenye mikono mizuri wanakatishwa tamaa njiani. Sina jibu la hilo. Florida imejaribu njia yake: sheria yao ya 2021 iliamua kuzizuia kaunti na miji kudai leseni zake kwa kazi kama kupaka rangi, kuweka sakafu na kabati, huku umeme na mabomba vikibaki na leseni ya jimbo. Hapo nakubaliana nao moja kwa moja. Rangi mbaya naipaka tena Jumamosi.

Msimamo wangu, basi, baada ya nyumba mbili: mtihani wa fundi na uwe wa jimbo, namba moja, tovuti moja, na ofisi moja inayoweza kumvua leseni akavuliwa kila mahali. Kazi yenyewe ikaguliwe na mji, au kaunti ipewe nguvu ya kufanya hivyo pale ambapo mji haupo. Pennsylvania niliona nusu ya pili bila ya kwanza, Texas naiona nusu ya kwanza bila ya pili.

Sasa fundi wa nyota tano. Alikuja na kijana wake wa kazi, na kijana naye alikuwa na kadi ya usajili wa uanagenzi, sikulazimika kuomba, ilikuwa imening'inia kifuani. Makadirio yake ya bei yalikuwa na namba ya TECL juu, na chini yameandikwa kwamba anasimamiwa na idara ya leseni ya Texas, pamoja na anwani ya Austin ya kupeleka malalamiko. Yaani karatasi ya kwanza anayokupa inakuonyesha pa kumshtakia. Kanuni za jimbo zinamtaka pia mkandarasi wa umeme awe na bima ya angalau dola 300,000 kwa tukio moja.

Alivuta waya namba 10 kwenda kwenye sanduku la kuchomekea nje, la ampea 30. Nikauliza rangi ya ganda kabla hajalifungua, akacheka akanionyesha: ya machungwa. Kisha akafunga kile kibati cha kuteleza juu ya sanduku la breka. Ni kipande cha chuma tu, ukubwa wa kiganja, lakini kimekaa kwa namna ambayo huwezi kuwasha breka ya jenereta mpaka breka kuu iwe imezimwa, na huwezi kuirudisha kuu mpaka ya jenereta izimwe. Akanitaka nijaribu kukosea. Nikasukuma kwa nguvu zangu zote, hakikukubali. Akamwita mama naye ajaribu.

Katika mazungumzo nikamuuliza kuhusu leseni za miji, kwa sababu alikuwa na umri wa kukumbuka. Texas ilianza leseni ya umeme ya jimbo 2004 tu. Kabla ya hapo, alisema, alikuwa na kadi za miji mitano kuzunguka Houston, na mtihani wa mji mmoja aliufanya mezani kwa karani huku simu zinalia. Hazikumbuki kwa upendo. Lakini wakaguzi wa miji ile anawakumbuka kwa majina, na akasema mmoja wao alimfundisha zaidi ya shule, kwa kumrudisha mara tatu kwenye kazi moja. Kwa kuwa kwangu hakuna mkaguzi, alifanya jambo ambalo hakudaiwa: alimwacha kijana wake nje, akaingia peke yake, akalegeza na kukaza upya kila skrubu aliyokaza kijana kwa kifaa cha kupimia nguvu, akisoma namba kwa sauti. Ilimchukua dakika ishirini zaidi. Nilimletea maji ya baridi akasahau kuyanywa.

Mwishoni alitoa karatasi ya orodha ya breka ili aandike ipi ni ya wapi. Nikamwomba iwe kwa Kiswahili, kwa sababu nikiwa zamu anayebaki nyumbani ni mama, na mama hasomi Kiingereza. Hakushangaa. Akaniomba nimtajie herufi moja moja, akaandika kwa kalamu nyeusi, herufi kubwa: FRIJI, JIKO, CHUMBA CHA MAMA, KIYOYOZI. Akauliza kama "friji" ni neno letu kweli. Nikamwambia ndiyo, ni letu. Mama akasogea, akavaa miwani, akazisoma zote kutoka juu hadi chini, kisha akagusa ile ya kwanza kwa kidole.